Maana ya Pili

Kamusi niliyokuja nayo kutoka Latvia,
kurasa zake baba alizishona kwa uzi wa viatu,
ilisema kwa mkato: *funny*, chenye kuchekesha.
Nikaamini. Mkono wa baba haukuwa na mzaha.

Halafu nikakutana nawe, Beryl Thackray,
ghala la mboga, Lincolnshire,
nchi bapa kama meza iliyokwisha kufutwa.
Saa kumi na mbili asubuhi, baridi nyuzi nne,
koliflawa zinapita kwenye mkanda
zimenuna kama maharusi waliosahauliwa kanisani,
na wewe ng'ambo ya mkanda, wavu kichwani,
kisu kifupi, mdomo usiojua likizo.

"Maziwa haya yana harufu *funny*," ulisema wakati wa chai.
Nikacheka.
Ukanitazama, ukayamwaga kwenye sinki.
"Huyu msimamizi mpya ni mtu *funny*."
Nikacheka tena, nikakaa kusubiri vichekesho vyake.
Wiki tatu nilimsubiri Clive.
Hakutabasamu hata siku ya mshahara.

Siku nyingine kiwiko kikagonga chuma,
maumivu yakapanda mpaka kwenye meno,
mkaniambia nimegonga mfupa *funny*.
Machozi yananitiririka, na mfupa ndio mchekeshaji!
Nikasema moyoni: watu hawa wana kanzu moja kabatini,
harusini hiyo, msibani hiyo.

Lakini sikuuliza.
Anayeuliza huonekana hajui,
na mimi kwa miezi saba nilikuwa nimejifunza
kucheka mapema, kabla sijagunduliwa.

Ijumaa ile kisu chako kilisimama hewani.
"Rasma," ulisema, "najisikia *funny*."

Nikacheka.

Nilicheka vizuri, kwa meno yote,
kama mtu anayelipa deni kabla ya tarehe.
Ukaniona nikicheka. Hilo haliniondoki.
Kisha magoti yakakuacha
na koliflawa zikakupokea, nyeupe, bila neno,
na mkanda ukaendelea kwenda
mpaka Clive alipoukimbilia akapiga kitufe kwa ngumi.

Usiku niliketi na kamusi jikoni.
Nikachukua wembe, nikakata uzi wa baba
mshono kwa mshono.
Ukurasa ukafunguka kama kope.
Pale sindano ilipokuwa imepita, kwenye mkunjo,
wino ungali mbichi kwa kukosa mwanga:
*2. kisicho sawa; kinachotia shaka.*
Miaka yote hiyo ilikuwa humo, imebanwa.

Nilikuja wodini na mkate mweusi
na radhi niliyoikariri ndani ya basi,
sentensi nne, vitenzi vyote vimenyooshwa.
Hukunipa nafasi ya hata ya kwanza.
Nusu ya mdomo wako ilikuwa imelala,
nusu nyingine ikajikokota:
"Uso wako siku ile, Rasma. Ulikuwa *funny*."

Nikashika chuma cha kitanda.
"Ipi?" nikauliza. "Ya kicheko, au ya maziwa?"

Ukacheka, Beryl.
Kicheko cha upande mmoja, kinachuruzika,
mpaka muuguzi akaja kutazama mashine,
na mimi nikakufuta kidevu kwa kitambaa,
nikicheka, safari hii nikijua ninacheka nini,
ingawa hujanijibu mpaka leo.

Jumatatu mahali pako wamemweka Zornitsa,
wa Bulgaria, glavu zimemzidi vidole.
Nilimwambia: "Mkanda huu uko *funny* bila Beryl."
Akacheka upesi. Kwa meno yote.

Kicheko kile nakijua, nimekivaa.
Wakati wa chai nikafungua friji,
nyuma kabisa, nyuma ya siagi ya Clive,
nikatoa chupa ya wiki iliyopita,
nikamwekea chini ya pua.

"Nusa," nikamwambia.